Salamu ya Mzee Maduhu

Tulimzika mama yake Minza kule Mwamapalala. Siku ya pili, watu walipoanza kupungua na wanawake wakisugua masufuria ya kukodi kwa majivu, Minza alinivuta mkono tukaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ghala. Akatoa simu mbili kwenye mkoba. Moja ya zamani, kioo chake kimepasuka kila upande. Nyingine mpya, alijinunulia baada ya kuuza mpunga. "Wewe ndiye fundi," akasema. "Nihamishie ile salamu ya baba. Kwenye hii mpya inagoma, inaniandikia Kizungu tu." Sikuuliza salamu ipi. Niliitengeneza kwa mikono yangu mwaka tuliokuwa kidato cha tatu, na tangu hapo ameitoa simu hii akaitia ile, sura ya baba yake imebaki vidonge vya rangi lakini sauti ipo. Kazi yenyewe ni ya dakika tano: unalichukua faili la zamani, unaligeuza liwe la aina ambayo kila simu inaikubali. Nimewafanyia watu wengi mno. Lakini nilikaa na zile simu mapajani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake, kwa sababu ndani ya simu yangu mwenyewe, kwenye folda niliyoiita Jiografia ili asiifungue mtu, kulikuwa na kitu ambacho Minza hakujua kama kipo.

Mwaka ule Bariadi ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Mimi na Minza tulipanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kuchambulia pamba, kwa sababu shule ilikuwa mbali na kwao na mbali zaidi na kwetu. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, ndoo mbili, na jiko la mkaa tulilolitoa nje mvua isiponyesha. Nyuzi za pamba zilipenya madirishani zikatua juu ya ugali, tukazitoa kwa vidole bila kusimamisha maongezi. Maongezi yalikuwa ya Minza. Mimi nilikuwa msikilizaji. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga asubuhi, na jioni ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mama yake alituletea kwenye mfuko wa sukari, na huku tunakula yeye anaigiza walimu mmoja mmoja, mimi nacheka mpaka napaliwa. Akishalala usingizi wa mchana, mimi natoa kaunta buku langu chini ya godoro naandika. Nilikuwa na aibu ya ajabu. Mwalimu akinitaja jina nilihisi masikio yanawaka. Yale niliyoshindwa kuyasema niliyaandika, na nilidhani kuandika ni sawa na kuwa nimesema. Kaunta buku hilo ninalo hadi leo, nimelisoma tena wiki hii, na sijampenda sana huyo msichana.

Kila siku baada ya masomo nilifanya kazi kwenye stationari ya Bi Regina, mkabala na stendi. Bi Regina alikuwa mpiga chapa wa ushirika kwa miaka mingi. Ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wa pamba wakaja kila mmoja na mizani yake na bendera yake, yeye aliambulia taipureta moja, akaiuza, akanunua kompyuta ya mtumba. Soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu kwa mkupuo bila kukitambulisha kimoja kwa kingine. Chaja ya simu hii haikuingia ile. Dividii za harusi zilichomwa mjini kwa mashine mpya, lakini vijijini watu walikuwa na deki za zamani zinazoendeshwa kwa betri ya gari, na deki zile hazikuzitaka. Namkumbuka mama mmoja muuza samaki kutoka Lamadi, alivyoingia na sahani ameifunga kwenye kanga. "Harusi ya mwanangu hii," akalalamika, "nimezunguka nayo mpaka Kiloleli. Kila deki inaitema kama mtoto anayetema kwinini!" Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi akasema, "Labda inataka mahari kwanza." Watu wakacheka. Bi Regina akamwambia, "Keti mama. Huyu binti atakuwekea kwenye simu, utamwona mwanao hata ukiwa unaparua samaki." Kisha akanigeukia: "Kabula, msalimie basi mgeni. Au ulimi umeusahau nyumbani tena?"

Hakunifundisha kugeuza video. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nikisimama nyuma ya Bi Regina nikiangalia anabonyeza wapi, naandika kwenye kaunta buku, na nisipoelewa nakisia. Kuuliza kungenilazimu nifungue mdomo. Kitu kimoja nilichokijua sana kuhusu yeye ni nakala. Ushirika ulimzoeza kwamba barua yoyote, hata ya kuomba ruhusa ya msiba, lazima iwe na nakala tatu: ya mwenyewe, ya ofisi na ya akiba. Karatasi ya kaboni ilipopotea duniani yeye aliendelea vilevile kwenye kompyuta. Barua moja aliihifadhi mara tatu, jina lilelile, ila mwishoni anaongeza moja, mbili, tatu. Ukiziangalia, uzito wake ni sawasawa. Nilizifuta za akiba kila Ijumaa ili kompyuta ipumue.

Sasa niseme habari ya Minza. Baba yake, Mzee Maduhu, alikuwa amefariki miezi michache kabla, akaacha mji mikononi mwa mdogo wake, Masunga, ambaye sote tulimwita baba mdogo. Kukawa na watu wa Mwanhuzi waliokuja na habari za ng'ombe, wanamtaka Minza. Mama yake akakataa. Akasema marehemu, siku ya harusi ya dada yake Minza, alishika kipaza sauti mbele ya watu wote akatamka kwamba Minza asiguswe. Baba mdogo siku ile hakuwepo, alikuwa Meatu na mifugo. Wanaume waliokuwepo waliulizwa, wakakuna vichwa. Ngoma ilikuwa kali, wakasema, na pombe ilikuwa nyingi. Minza alinisimulia alichojibu baba mdogo, akiigiza sauti yake nzito, ila safari hii hakuna aliyecheka: "Shemeji, mimi siyo mtu mbaya. Lakini wanawake mnaweza kusema marehemu kasema hivi, kasema vile. Nataka nisikie kinywa chake. Nikikisikia, ng'ombe wa watu hawavuki hata boma langu. Nani apingane na mtu aliye chini?" Na alikuwa anamaanisha. Kule kwao neno la marehemu halichezewi. Mtu akilikanyaga, mifugo ikifa wote wanajua kwa nini.

Kinywa chenyewe kilikuwepo. Harusi ilipigwa picha na mtu wa mjini, na mama yake Minza alikuwa na dividii amelaza chini ya nguo zake sandukuni. Hapakuwa na kifaa cha kuichezesha pale kijijini, ila baba mdogo alikuwa na simu ya Kichina yenye spika kubwa na sehemu ya kuweka memori kadi. Minza akaniletea sahani na kadi mchana wa Ijumaa, Bi Regina amekwenda kula. Tukaiweka kwenye kompyuta, tukaangalia. Mwali akaingia, ngoma ikapigwa, mzee akainuka na koti lake kubwa la kijivu. Alisema kwa Kisukuma, mimi nayaandika kwa Kiswahili: "Huyu Minza mnayemwona anawagawia maji, asiguswe. Atasoma mpaka yeye mwenyewe aseme amechoka. Atakayepokea ng'ombe wake kabla ya hapo, mimi simo. Hata nikiwa kaburini, simo." Minza aliweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta. "Umemsikia?" akaniuliza. "Si umemsikia, Kabula?" Nikamwambia nimemsikia. Akatoka mbio kwenda kumwambia mama yake aliyekuwa anamsubiri stendi.

Nikabaki peke yangu kufanya kazi. Nikafungua sahani kuona ndani kuna nini, nikakuta mafaili yenye jina lilelile, mwishoni moja, mbili, tatu. Yote matatu yalikuwa na uzito mmoja, hayakupishana hata nukta. La nne lilikuwa dogo, nikalidharau. Leo mtoto yeyote anajua kwamba dividii hukata video ndefu vipande vinavyolingana, na ukiicheza vinaungana vyenyewe usione kiungo. Mimi niliona nakala. Ya mwenyewe, ya ofisi, ya akiba. Nikachukua ya kwanza, nikaitia kwenye programu ya kugeuza, nikangoja. Nakumbuka kabisa, na nimeandika: "Nimetaka kumuuliza Bi R. kwa nini watu wa harusi nao wanaweka nakala tatu. Nimeona aibu. Atasema sijui hata hilo." Alirudi kutoka kula, akanipa mtihani wa shule moja nipige chapa. Kazi ilipokwisha nilifungua video mpya, nikaona mwali anaingia, sauti safi, nikaifunga. Kadi nikaifunga kwenye karatasi, sahani kwenye bahasha.

Kesho yake nilikwenda nao Mwamapalala. Baba mdogo alikuwa amesafiri, akitarajiwa baada ya wiki mbili, kwa hiyo kadi ilifungwa kwenye pindo la kanga ya mama ikangoja simu. Mpunga ulikuwa umeanza kujaza punje na ndege walikuwa wengi. Kwenye majaruba watu walikuwa wametundika sahani za muziki zilizokufa, zinazunguka kwenye kamba na kurusha mwanga, ndege wanaogopa. Mama yake Minza alikuwa na mbili tu, zimechakaa. Akanitazama na ile bahasha. "Ng'wanone, mwanangu, wewe ndiye msomi wa hizi. Hii bado ina kazi?" Nilikuwa nimezoea watu wazima wanipite kama kigoda. Pale, kwa mara ya kwanza, mtu mzima alikuwa anangoja nitamke jambo ambalo yeye halijui. Nikasimama wima. "Hapana mama, yote iko kwenye kadi," nikasema, kwa sauti ambayo hata Minza aligeuka kuniangalia. Nikaipitisha kamba kwenye tundu mimi mwenyewe, nikaifunga kwenye kijiti cha katikati, pale jua linapopiga vizuri. Kwenye kaunta buku siku hiyo niliandika: "Leo nimeongea mbele ya watu." Nimepigia mstari mara mbili.

Kikao kilikaa wiki mbili baadaye, Jumamosi mchana, ndani ya nyumba ya baba mdogo. Wazee wanne kwenye viti, mama na Minza kwenye mkeka, mimi mlangoni nimepiga magoti kwa sababu sikujua nikae wapi. Baba mdogo alivua kofia kwanza, ndipo akaweka kadi kwenye simu. Nataka hili liandikwe: alivua kofia. Akaipeleka video mbele kwa kidole gumba mpaka lilipotokea koti la kijivu. Mzee Maduhu akapokea kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Mwadila." Ni salamu ya jioni, wala hakuna Msukuma anayeiacha hewani. Wazee wote wanne, bila kutazamana, wakaiitikia ile simu: "Mwadila, baba." Mama akaitikia na machozi. Na hapo video ikaisha. Simu ikarudi kwenye orodha ya nyimbo.

Baba mdogo akairudisha. "Mwadila." "Mwadila, baba." Ikaishia pale pale. Mzee mmoja akasema, "Ongeza sauti." Ikaongezwa. Mara ya tatu wakaitikia tena, kwa sauti ndogo zaidi, kama watu wanaoanza kuona haya. Minza alikuwa ananiangalia. Mimi nilikuwa naangalia sakafu, na kwenye ile sakafu ya udongo niliyaona mafaili yale matatu yamepangana, moja, mbili, tatu, na nikaelewa. Nilielewa pale pale. Sina kisingizio cha kutojua. Baba mdogo akaniuliza, na hakuuliza kwa ukali: "Binti, hii ndiyo yote? Hakuna nyingine?" Ilitakiwa niseme ipo, baba, nimekosea, nipe siku mbili. Maneno sita. Wazee walikuwa wamenigeukia wote, masikio yakawaka, ulimi ukawa mzito kama si wangu. "Ndiyo yote, baba," nikasema. Akashusha pumzi, akaizima simu, akaiweka mfukoni. "Basi," akasema. "Kaka amesalimia, nasi tumeitikia."

Jumapili, nilipopita kwenye majaruba kuelekea barabarani, niliikata ile kamba nikatia sahani ndani ya daftari. Minza alibaki kwao. Sahani ilikuwa imepigwa na vijiti wiki mbili, imejaa mikwaruzo, ukingo wake umeanza kubanduka. Jumatatu Bi Regina hakutoka dukani hata dakika moja. Jumanne Bi Regina alikwenda benki, nikaipaka dawa ya meno, nikaifuta kwa pamba, nikaisukuma ndani. Kompyuta ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Faili la pili likafunguka. Linakwama hapa na pale, lakini maneno yote yapo. "Huyu Minza mnayemwona anawagawia maji." Nikaligeuza, nikalitia kwenye kadi nyingine. Kwenye kaunta buku ukurasa wa Jumanne una neno moja: "Imefunguka."

Namba ya baba mdogo ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa chumba chetu, na simu ya Bi Regina ilikaa mezani siku nzima. Jumatano niliandika kwanza maneno ya kusema, nisije nikababaika. Bado yapo, yamenyooka, hayana hata kosa moja: "Shikamoo baba. Ni mimi Kabula, rafiki yake Minza. Nilisema ndiyo yote, haikuwa yote. Naomba ungoje." Niliyasoma mpaka nikayashika. Sikupiga. Nilijiambia watu watasema binti huyu aliwadanganya wazee mbele ya macho yao, halafu nikajiambia Jumamosi nitakwenda mwenyewe, ana kwa ana ni heshima zaidi. Jinsi nilivyokuwa hodari wa kujipangia sababu! Jumamosi nilifika na kadi imefungwa kwenye leso. Mama yake alikuwa peke yake jarubani, anapiga debe kufukuza ndege. "Wamemchukua Alhamisi," akasema. "Yuko Mwanhuzi." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikala ugali wake na kadi imo mfukoni, nikarudi Bariadi. Kitanda cha kamba kikawa changu peke yangu mpaka nilipomaliza kidato cha nne.

Watu husema muda unaponya. Mimi umenifanya fundi. Kila aina ya simu ilipopitwa na nyingine, nililigeuza lile faili upya ili lisije likakosa kufunguka, kama mtu anayefuta vumbi kwenye bunduki. Minza tulionana mara chache, kwenye misiba kama hii. Alizaa watoto watano, akaachwa, akarudi kulima mpunga wa mama yake. Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa na imani kwamba mashine ilikata, aliwahi kuniambia, "Ni bahati yangu tu, mashine ilichoka pale pale." Nikamjibu kwamba zile mashine za mtumba zilikuwa mbovu.

Pale nyuma ya ghala alikuwa bado anangoja. "Haiwezekani?" akauliza. Nikamwambia inawezekana. Nikaigeuza ile salamu, kisha, kabla sijapata nafasi ya kujipangia sababu nyingine, nikafungua ile Jiografia, nikaunganisha kipande cha pili nyuma ya cha kwanza, nikamrushia chote kwenye simu yake mpya. Akaisogeza sikioni, jinsi alivyozoea. Koti la kijivu, kikohozi, "Mwadila." Minza akaitikia kwa mazoea, "Mwadila, baba," na kidole chake kikaenda kuzima, kwa kuwa miaka yote huwa inaishia hapo. Haikuisha. Baba yake akaendelea kusema. Aliyasikiliza yote mpaka mwisho, mpaka kelele za wanawake na ngoma kuanza tena, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Hii umeipata lini?" akauliza.

"Jumanne."

"Jumanne ya wiki hii?"

"Hapana," nikasema. "Jumanne ile. Baada ya kikao."

Hakupiga kelele. Alilaza simu juu ya magoti, akafungua kiganja cha kushoto, akaanza kukunja vidole taratibu kwa mkono wa kulia kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Akakikunja kimoja. "Jumatano," akasema. Akakikunja cha pili. "Alhamisi." Akakishikilia hapo, hakukiachia.